Kila Mwili na Zoezi Lake

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wanafunzi wa klabu za afya za shule za sekondari. Tumeyachapisha ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate.

Natumaini wengi wenu ni wazima. Na wewe ambaye leo si mzima sana, mgongo unauma, tumbo linauma, au usingizi umekimbia kwa sababu ya mitihani, basi mazungumzo haya ni yako zaidi.

Leo tunaongea kuhusu yoga. Najua wapo watakaocheka! Kwenye sanduku letu la maswali nimekuta karatasi kadhaa kuhusu jambo hili. Mmoja ameandika, "Dada, eti yoga ni yale mambo ya kujikunja kama nyoka?" Mwingine anauliza kama si ya matajiri wa mjini tu. Wa tatu anataka kujua kama Mkristo au Mwislamu anaruhusiwa kufanya. Halafu ipo karatasi moja ndogo, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli. Hiyo nitaisoma tukifika mbele, maana majibu yake yanahitaji kwanza tuelewane kuhusu mambo mawili matatu.

YOGA NI NINI HASA?

Neno lenyewe limetoka India, katika lugha ya kale ya Kisanskriti. Mzizi wake una maana ya kuunganisha, au kufunga pamoja kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira wakalime. Kinachounganishwa ni nini? Ni mwili, pumzi na akili. Kwa hiyo yule mnayemwona kwenye picha amesimama kichwa chini miguu juu ameonyesha sehemu moja tu, tena ndogo. Yoga ina mikao ya mwili, ina njia za kupumua, ina kutuliza mawazo, na ina mafundisho ya namna ya kuishi na watu.

Sasa basi, leo sitazungumzia yoga yote. Nitazungumzia aina moja, ile inayotumika kama tiba ya kusaidia, ambayo kila mtu anapangiwa ya kwake. Fikiria sare ya shule. Ukinunua iliyokwisha shonwa, inaweza kukubana mabegani au ikakuburuza chini. Ukienda kwa fundi, anachukua futi yake, anakupima kifua, kiuno na urefu, ndipo anakata kitambaa. Yoga ya tiba ni ya namna hiyo. Unapimwa kwanza, unashonewa baadaye.

MWALIMU MMOJA, WANAFUNZI WA KILA NAMNA

Wazo hili lina historia yake. Kusini mwa India alizaliwa mwaka 1888 mtu aliyeitwa Tirumalai Krishnamacharya. Katika miaka ya 1930 alikuwa akifundisha yoga katika mji wa Mysore, chini ya ufadhili wa mfalme wa huko. Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa kiume wenye nguvu, na aliwapa mazoezi ya nguvu kweli kweli: kuruka, kujikunja, jasho tele.

Mwaka 1934 akaja kwake kijana mmoja, shemeji yake, ndugu wa mke wake. Jina lake B.K.S. Iyengar. Kijana huyu alizaliwa mwaka 1918, wakati homa kubwa ya mafua ilipokuwa ikiua watu duniani. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alikuwa mwembamba, dhaifu, na hakuna aliyetegemea angefika mbali. Lakini kijana huyo aliendelea na mazoezi miaka na miaka, akawa mwalimu katika mji wa Pune, na akaishi hadi mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 95. Kwa kuwa alijua udhaifu ni nini, aliwatengenezea wanafunzi wake misaada: kamba ukutani, viti, vipande vya mbao, mablanketi. Mtu ambaye mkono wake haufiki chini, anawekewa kipande cha mbao ili sakafu imfuate yeye. Ni busara, au siyo?

Mwishoni mwa miaka ya 1930 akaja pia mwanamke kutoka Ulaya, Indra Devi, aliyekuwa karibu na umri wa miaka 40. Mwanzoni mwalimu alimkataa. Baadaye akakubali, akamfundisha. Mwanamke huyo alikwenda kufundisha China na Marekani, na alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 102.

Lakini aliyeieneza hasa yoga ya kumpima mtu mmoja mmoja ni mtoto wa Krishnamacharya mwenyewe, T.K.V. Desikachar. Yeye alisomea uhandisi, hakuwa na mpango na kazi ya baba yake. Alisimulia kwamba siku moja alikuwa amekaa barazani, likaja gari, akashuka mwanamke mgeni kutoka nje akamkumbatia baba yake kwa furaha. Desikachar akashangaa, maana mzee wake alikuwa mtu wa desturi kali. Kumbe mama yule alikuwa hapati usingizi kwa muda mrefu, na sasa kwa msaada wa mzee amelala usiku kucha bila vidonge. Ndipo kijana akaanza kumuuliza baba yake maswali. Mwaka 1976 akaanzisha kituo katika mji wa Madras, ambao tangu mwaka 1996 unaitwa Chennai, akakipa jina la baba yake: Krishnamacharya Yoga Mandiram. Desikachar alifariki mwaka 2016, baba yake mwaka 1989 akiwa amefikisha miaka 100.

Ukiyaangalia haya yote utaona jambo moja. Kijana mwenye nguvu, mwanamke wa makamo, mama asiyelala: kila mmoja alihitaji kitu tofauti. Kosa ni kuchukua zoezi la mmoja ukamlazimishia mwingine.

KUPIMWA KABLA YA KUSHONEWA

Je, mwalimu wa yoga ya tiba anakupimaje? Kwanza anakaa na wewe, anauliza. Una umri gani? Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi? Unakaa wapi, kwenye dawati au shambani? Unabeba nini? Uliwahi kuvunjika? Unatumia dawa gani, na daktari amesema nini? Unapenda nini, unaogopa nini? Kisha anakutazama unavyosimama na unavyopumua. Mwisho anakupangia mazoezi machache, mara nyingi ya dakika 15 au 20, ukafanye nyumbani. Baada ya siku kadhaa unarudi, mnaangalia limesaidia lipi na limekataa lipi, anabadilisha. Mwili wako unabadilika, na mazoezi yanabadilika pamoja nao.

Tuchukue wanafunzi watatu wa mfano, wote wa darasa moja.

Wa kwanza anacheza mpira kila jioni. Misuli ya nyuma ya mapaja imekaza, akiinama hafiki hata magotini. Huyu anahitaji kunyoosha miguu taratibu, akiwa amekunja magoti kidogo ili mgongo usiumie.

Wa pili hachezi chochote. Ni msomaji. Anakaa amejikunja juu ya daftari tangu asubuhi hadi taa zinapozimwa, shingo mbele, mabega juu. Kwake kuinama zaidi hakuna maana, maana ameinama siku nzima! Anahitaji kufungua kifua, kuinua mikono, kutembea.

Wa tatu ana wasiwasi. Kabla ya mtihani mikono inatoka jasho, tumbo linasokota, akili inakuwa nyeupe kama karatasi. Kuna mtu atamwambia, "Kaa kimya, fumba macho, tulia." Lakini mwenye wasiwasi mkubwa akifumba macho, mara nyingi mawazo ndiyo yanazidi kumfuata. Huyu ni afadhali aanze kwa kutikisa mwili, macho wazi, akihesabu pumzi huku mikono inapanda na kushuka. Utulivu utakuja nyuma.

Darasa moja, walimu wale wale, chakula kile kile, lakini mazoezi matatu mbalimbali. Ndiyo maana nikasema kila mwili na zoezi lake.

KWA NINI PUMZI?

Pengine unajiuliza, pumzi ina uhusiano gani na hofu ya hesabu? Uhusiano upo, na unaweza kuuhisi sasa hivi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, utafute mapigo ya moyo. Umeyapata? Sasa vuta pumzi polepole kwa pua, halafu itoe polepole zaidi. Vijana wengi watahisi mapigo yanaharakisha kidogo hewa inapoingia, na yanapunguza mwendo inapotoka.

Sababu ni hii. Ukiogopa, tezi ndogo zilizoko juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, mwili unajiandaa kukimbia simba. Tatizo ni kwamba karatasi ya mtihani si simba, huwezi kuikimbia! Upande mwingine kuna mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, unapita shingoni, unafika moyoni hadi tumboni. Kazi yake mojawapo ni kuupunguza mwendo moyo. Huwezi kuuambia moyo wako, "Punguza mbio," ukakusikia. Lakini ukitoa pumzi taratibu, mshipa ule unafanya kazi hiyo kwa niaba yako. Pumzi ni mlango ambao ufunguo wake unao wewe mwenyewe.

ILE KARATASI ILIYOKUNJWA MARA NNE

Sasa naisoma. Sijui aliyeiandika, na sitaki kumtafuta. "Dada, mimi nina pumu. Wenzangu bwenini wananicheka nikitumia ile dawa ya kuvuta, wanasema navuta bangi ya hospitali. Nimesikia yoga inafundisha kupumua. Je, nikijifunza vizuri naweza kuacha dawa?"

Rafiki yangu, popote ulipo, jibu langu ni HAPANA. Tena naomba unisikilize hadi mwisho.

Katika pumu, mirija midogo ya hewa ndani ya mapafu inavimba, inajaa ute, na misuli inayoizunguka inaibana. Hewa inapata shida kupita, hasa kutoka. Ile dawa ya kutuliza unayovuta inailegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache tu. Na kama daktari amekupa nyingine ya kutumia kila siku, hiyo inapunguza uvimbe, japokuwa wewe huoni mabadiliko siku hiyo hiyo. Hakuna mkao wala namna ya kupumua inayoweza kuufikia uvimbe ule wakati shambulio limeanza. Watu hufa kwa pumu, na wengine ni vijana waliochelewa kutumia dawa kwa kuona aibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Je, basi yoga haina kazi kwa mwenye pumu? Inayo, ila ijue nafasi yake. Wataalamu waliokusanya matokeo ya majaribio mbalimbali kuhusu yoga na pumu, mwaka 2016, walikuta kwamba huenda inawapa wagonjwa nafuu kidogo katika maisha yao ya kila siku. Nafuu kidogo, tena kwa watu wanaoendelea na dawa zao. Kwa hiyo fanya mazoezi siku ambayo kifua kiko wazi. Jifunze kutoa pumzi bila kujikaza, jifunze kulegeza mabega. Ukibanwa siku moja, hofu itapungua, na hofu ikipungua hutahangaika sana wakati dawa inafanya kazi. Ila dawa iwe mfukoni mwako! Kaa wima, inama mbele kidogo, vuta dawa kama ulivyofundishwa, na mtu aitwe. Usilale chali. Kama nafuu haiji, au unashindwa kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, ni hospitali mara moja, hata kama ni saa nane usiku.

Na ninyi mnaocheka bwenini, neno langu kwenu ni fupi. Siku mwenzenu akizidiwa, ninyi ndio mtakaokuwa karibu, kabla ya matroni na kabla ya daktari. Jueni dawa yake anaiweka wapi. Huo ndio urafiki.

INASAIDIA NINI, HAISAIDII NINI?

Tusidanganyane. Wako watu wanaouza yoga kama dawa ya kila kitu, kama wale wauzao mizizi stendi ya basi. Ukweli uko katikati.

Kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, ushahidi ni mzuri kiasi. Mwaka 2017 chama kikubwa cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo unaotaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya kukimbilia vidonge. Kwa wasiwasi, huzuni ndogo ndogo na kukosa usingizi, wengi hupata nafuu, ingawa si wote. Kwa wasichana, mazoezi mepesi huwapunguzia wengi maumivu ya siku za hedhi. Lakini dada, kama kila mwezi maumivu yanakulaza kitandani na kukukosesha masomo, hayo usiyaite ya kawaida. Nenda kituo cha afya ukapimwe.

Yoga haiui vijidudu vya malaria. Haiponyi kifua kikuu, haiondoi virusi vya UKIMWI, haichukui nafasi ya insulini kwa mwenye kisukari, wala ya vidonge kwa mwenye kifafa. Mtu yeyote, awe mwalimu wa yoga, mganga au mhubiri, akikuambia acha dawa za hospitali, mkimbie.

Na moyo je? Kuna huzuni ambayo pumzi na mkeka vinaweza kuituliza: umegombana na rafiki, umeachwa na mpenzi, matokeo yamekuja mabaya. Ipo nyingine iliyo nzito zaidi. Kama kwa wiki mbili au zaidi hufurahii kitu chochote, huli, hulali, au unafikiria kufa, usibaki peke yako na mazoezi. Mwambie mzazi, matroni, mwalimu wa ushauri nasaha, au nenda zahanati. Tanzania na Kenya kuna simu ya bure ya kuwasaidia watoto na vijana, namba 116. Kupiga simu hiyo si udhaifu.

ANZA HIVI

Huhitaji nguo za gharama. Mkeka, kanga au blanketi vinatosha. Tumbo lisiwe limejaa. Subiri saa mbili baada ya mlo. Wasichana, vaeni suruali ya michezo ili msijibane. Haya ni mazoezi matano, dakika kumi hivi.

1. Kukaa. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili zikigusa chini. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi tatu, itoe ukihesabu hadi tano. Usiishikilie ndani. Fanya mara kumi. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida.

2. Mikono juu. Simama. Inua mikono polepole huku ukivuta pumzi, ishushe huku ukiitoa. Mwendo uifuate pumzi, siyo pumzi ikimbizane na mwendo. Mara sita. Bega likiuma, ishia nusu.

3. Paka. Piga magoti, weka viganja chini, mgongo kama meza. Ukitoa pumzi pinda mgongo juu, kama paka aliyeamka usingizini. Ukivuta, urudishe kifua mbele na mgongo ulale. Mara sita. Magoti yakiuma, kunja kanga uiweke chini yake.

4. Kukalia visigino. Kutoka kwa paka, rudi nyuma ukalie visigino, paji la uso likienda chini. Halifiki? Weka mto au begi lenye nguo. Kaa hapo pumzi sita hadi nane. Wasichana wengi hulipenda hili siku za hedhi. Kama magoti yako yana jeraha, liache kabisa.

5. Miguu juu ya kiti. Lala chali, weka miguu kuanzia magoti kwenda chini juu ya kiti au kitanda. Mikono pembeni. Dakika tatu. Ni zuri kabla ya kulala. Lakini, kama nilivyosema, si la wakati kifua kimebana.

Sasa inakuja kazi ya kujipima. Chukua ukurasa wa daftari, chora safu nne: tarehe, wapi panauma au moyo ukoje, umefanya zoezi lipi, umejisikiaje baadaye. Andika kwa wiki moja. Utaona mwenyewe zoezi namba nne linakufaa na namba tatu linakuchokoza, au kinyume chake. Wiki ya pili, badilisha jambo moja tu. Ukibadilisha yote kwa pamoja hutajua lililosaidia. Hivi ndivyo unavyoanza kuwa fundi wa mwili wako. Haba na haba hujaza kibaba.

Na usiache mpira, kamba wala kutembea! Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa umri wenu wapate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Dakika kumi za yoga hazitoshi peke yake.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usisimame kichwa chini kwa kuiga picha. Najua utasema, "Mbona mama anabeba ndoo kichwani?" Mama amezoea tangu utoto, tena amesimama kwa miguu yake. Wewe ukiyumba, shingo ndiyo inayolipa.

Maumivu ya kuchoma, ya ghafla, au ganzi ni ishara ya kuacha. Msuli kuvutika kidogo ni kawaida, kiungo kuuma si kawaida.

Kama una selimundu, kifafa, ugonjwa wa moyo, jeraha la karibuni, au una ujauzito, ongea kwanza na mtaalamu wa kliniki yako. Mwenye kifafa asifanye ile pumzi ya haraka haraka, maana inaweza kuchochea kifafa kwa baadhi ya watu. Mwenye selimundu asijichoshe sana wala kukaa na kiu.

Jambo lingine ni hili, nalisema wazi. Mwili wako ni wako. Duniani wamekuwapo walimu mashuhuri wa yoga walioshutumiwa kwa kuwashika wanafunzi isivyofaa, wakisingizia kwamba wanawarekebisha. Mwalimu mzuri huomba ruhusa kabla ya kukugusa, na ukisema hapana anaheshimu. Asiyeheshimu, ondoka, na mwambie mtu mzima unayemwamini.

NA DINI JE?

Swali zuri, na sitalikwepa. Yoga imezaliwa India, na imekua pamoja na dini za huko, hasa Uhindu. Wako wanaoifanya kama ibada, kwa nyimbo na maneno matakatifu. Wako wanaofanya mazoezi ya mwili na pumzi peke yake. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia liliwakataza Waislamu yoga yenye ibada na maneno ya dini nyingine, lakini likaruhusu ile inayofanywa kama mazoezi ya mwili tu. Wapo Wakristo wanaoifanya, na wapo viongozi wa makanisa wanaoipinga.

Hayo mazoezi matano niliyokupa hayana sala wala wimbo wowote. Hata hivyo kama dhamiri yako inasita, waulize wazazi na kiongozi wako wa dini. Ukiamua hapana, hujapoteza kitu: kutembea, kuogelea, kunyoosha viungo na kulala vya kutosha pia ni dawa. Wala usimcheke anayefanya.

Kuhusu lile swali la matajiri: mjini Nairobi, tangu mwaka 2007, mradi uitwao Africa Yoga Project umewafundisha vijana wengi kutoka mitaa ya watu wa kipato cha chini wakawa walimu. Pumzi hailipiwi kodi.

KABLA HATUJAACHANA

Nikikuomba ukumbuke mambo machache tu, basi ni haya:

Usiige zoezi la mwenzako. Anza na mwili ulio nao leo.

Pumzi kwanza, mkao baadaye. Ukishindwa kupumua vizuri katika zoezi, zoezi hilo bado si lako.

Dawa za hospitali haziachwi kwa sababu ya mazoezi. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

Linapouma sana, mwilini au moyoni, sema. Kuuliza si ujinga.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, jaribu lile zoezi la kwanza peke yake, pumzi kumi tu. Kesho asubuhi andika kwenye daftari ulivyolala. Maswali yenu yawekeni kwenye sanduku kama kawaida, jina si lazima.